Mume Wangu Anafukuzwa kwa Kulima Shamba Letu

Ndugu Mhariri, jina langu lifiche kabisa, kwa sababu mjomba wangu anajua kusoma na gazeti hili linafika mpaka misheni. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minne, Mluguru, mkulima wa mboga katika kijiji kimoja juu ya mji wa Morogoro. Nina mimba kubwa, na nina mume anayetakiwa awe ameondoka nchini mwisho wa mwezi huu. Hajaiba, hajapigana, hajamtukana mtu. Kosa lake ni kulima.

Mume wangu ni wa nchi jirani. Alikuja kusomea kilimo katika chuo kimoja hapa Morogoro, kwa kibali cha mwanafunzi. Mimi nilikuwa nikishusha kabichi na karoti jikoni kwao, ndipo tukajuana. Wala sikumkimbilia, watu wasije wakasema. Alipanda mlima huu kwa miguu kuja kujieleza kwa mama na mjomba, akateleza njia nzima, na mjomba akacheka akasema mwanaume anayekuja kuposa na tope mpaka magotini ana nia. Tukafunga ndoa misheni, yeye bado yumo masomoni.

Wasomaji wa mikoa mingine niwaeleze jambo. Kwetu Uluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na shamba ni la ukoo wa mama. Mwanaume ndiye anayeingia kwa mke, na akiingia anawalimia wakwe kwanza, wauone mkono wake. Basi kila likizo na kila Jumamosi mume wangu alikuwa huku juu na jembe. Siku za shamba la ujamaa alikwenda pia, tena mwenyekiti wa kijiji mwenyewe ndiye aliyekuja kumgongea mlango, akisema kijiji hiki hakifugi kupe. Siku hizo hakuna aliyemwuliza kibali.

Masomo yalipoisha tulishuka mjini, ofisi ya vibali, kuomba kibali chake cha mwanafunzi kigeuzwe kiwe cha ndoa. Ofisa hakuwa mkali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Aliuliza nani kati yetu ni raia. Nikasema ni mimi. Akaweka kalamu chini.

"Dada, mke humfuata mume," alisema. "Ingekuwa yeye ndiye raia na wewe ndiye mgeni, mngeondoka na kibali leo hii. Kama unampenda, mfuate kwao."

Najua hakusema uongo. Kaka yangu wa tumbo moja, anayefanya kazi kiwandani huko chini, alioa mwanamke wa nchi hiyohiyo ya mume wangu. Walikwenda ofisi hiyohiyo, wifi akapata ruhusa ya kukaa bila kutoa jasho. Ziwa tulilonyonya ni moja. Nilipokwenda kumlilia, kaka alisema sheria ni sheria, kisha akanikaribisha chai. Sikuinywa.

Ofisa alituonea huruma, akasema tupeleke maombi maalumu na tuje na mtu mzima wa kutudhamini. Hapo ndipo mdomo ulipoponza kichwa. Mjomba alishuka mlima na koti lake la Jumapili. Kwetu neno la mjomba ndilo la mwisho, naye aliamini na ofisini litakuwa hivyo. Akaanza kumsifu mkwe wake kama tunavyosifu sisi.

"Huyu si mgeni tena, bwana, ni mtu wetu," alisema. "Misimu miwili ametulimia mahindi na maharage, hata shamba la kijiji analima. Si mvivu hata kidogo."

Ofisa akamgeukia mume wangu, akamwuliza kama ni kweli. Angewezaje kumkana mkwe wake mbele ya watu? Akaitikia. Kumbe mwenye kibali cha mwanafunzi haruhusiwi kufanya kazi yoyote. Maombi yakafa palepale, akapewa mpaka mwisho wa mwezi. Njia nzima ya kurudi mjomba aliniuliza amekosea wapi, na mpaka leo sijamsamehe. Tunahubiriwa usiku na mchana kwamba kila mtu afanye kazi, asiyefanya kazi asile, halafu mtu anafukuzwa kwa kushika jembe. Nicheke au nilie?

Mimi ni binti pekee wa mama yangu. Nikiondoka, shamba atapewa binti wa mama mdogo, na siku nikirudi sitakuwa na pa kupanda hata mchicha. Mjomba amesema mimi nikitaka niende, lakini nijifungulie hapa kwanza, maana tumbo hili ni la ukoo. Kwao mume wangu mambo ni kinyume, mtoto ni wa baba, na mama mkwe ameshatuma salamu kwamba anamsubiri mjukuu wake. Kila upande una hesabu yake na mtoto huyu. Mimi hakuna anayenihesabu.

Jana jioni nilimwuliza mume wangu yeye anataka nini.

"Niliingia kwenu kama mila yenu ilivyotaka," akasema. "Sasa niambie wewe, mimi ni mume wako au nilikuwa mgeni wenu?"

Niliinuka nikaenda kuchochea moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu.

Wasomaji wenzangu, hasa akina mama mlioolewa mbali na kwenu, nishaurini. Msiniambie nivumilie. Padre ameshasema, mama ameshasema, kaka ndiyo usiseme, na mimi bado sijui la kufanya. Niambieni nipande gari naye, au nibaki nizae hapa. Tena fanyeni haraka, maana mkichelewa atakuwa ameshavuka mpaka, akiamini kwamba kimya changu ndilo jibu.