Nyumba Aliyolala Mama

Siku tulipompelekea mdogo wangu aliyeolewa vyombo vyake Bungoma, mimi nilipewa glasi nizipakate. Kina mama wa kikundi cha kanisani, ambao mama yetu huchangiana nao, walikuwa wamekodi pikapu wakaijaza sufuria, mablanketi, na kabati la vioo lililofungwa shuka lisikwaruzwe. Mama mwenyewe alitusindikiza mpaka barabarani tu, kwa sababu kwetu mama mkwe haendi ovyo kwa mkwe wake. Alinikabidhi katoni ya glasi kupitia dirishani akasema, "Shika wewe, mikono yako imetulia." Kutoka Matulo, kwetu, hadi Bungoma nilipakata glasi za mtu aliyezaliwa nyuma yangu, kina mama wakiimba huko nyuma, na kila tuta tulilopita nilijiuliza ingekuwaje nikiziachia.

Glasi hazikuniuma sana. Kilichoniuma ni vitambaa. Mama alikuwa amemfumia vitambaa vya viti, vyeupe vyenye ukingo wa manjano, seti nzima, na alivifuma nikiwa nimekaa kando yake nikituma maombi ya kazi kwa simu. Hakuniuliza hata mara moja kama napenda rangi ya manjano.

Mwaka uliofuata nikapata kazi ya mkataba Kitale, kuingiza rekodi za wakulima kwenye kompyuta, nikakodi chumba kimoja chenye bafu ndani. Nilimpigia mama kumweleza. Nikazunguka, nikazunguka, kisha nikauliza kama kikundi kingekuja.

"Kuja kufanya nini?"

"Kuleta vyombo. Hata vichache."

"Kikundi hakipelekei mtu vyombo kwa chumba cha kukodi. Ukiolewa watakuja, si wanakungoja tu?"

"Na vitambaa?"

"Vya kuweka wapi? Uko na viti?"

Sikuwa na viti. Basi nikaamua viti vitakuwa vya kwanza, ili mama asikose pa kufumia vitambaa. Jumamosi nilikwenda kwa mafundi wanaopanga samani zao kando ya barabara, nikiwa na tepu ya kupimia. Nikinunua kiti cha watu wawili, na mama aje na mke wa mchungaji, mimi nitakaa wapi? Nikinunua cha watu watatu, kitanda hakitaenea. Na mgeni akiona sofa bila kitanda atajua nalala chini, na akijua nalala chini ataliona hilo sofa kuwa majivuno. Jumamosi iliyofuata nilirudi nikapima tena, labda mbao zilikuwa zimepungua.

"Madam," fundi akaniambia, "hii kiti utanunua ama unaipimia suti?"

Wenzake wakacheka. Kwa aibu nikanunua meza fupi aliyoiunga kwa vipande vilivyobaki, kwa sababu ndiyo niliyoweza kuilipia papo hapo. Mwisho wa mwezi wa pili nilikuwa na godoro sakafuni, stuli mbili za plastiki, meko ya gesi na pazia la mtumba linalotenganisha godoro na sufuria.

Jumapili moja nikaenda kumtembelea mdogo wangu. Mlango wake ukifunguliwa unakanyaga zulia kabla hujasalimiwa. Viti vilikuwa vya kahawia, virefu, vimezunguka sebule yote, na juu ya kila mgongo wa kiti, vile vitambaa.

"Dada, bado unakalia ndoo?"

"Niko na stuli."

"Aa, umepanda cheo bana."

Mumewe ni mtu mwema, jambo ambalo halikunisaidia. Aliniongezea chai bila kuulizwa, akaniuliza habari za kazi, na alipotoka nikainua ncha ya kitambaa kimoja kuangalia mafundo. Mkono wa mama naujua. Akifika kwenye kona huvuta uzi kupita kiasi, kona inakunjamana kidogo. Kona zote zilikuwa zimekunjamana. Nilikadiria kama kimoja kingeenea kwenye mkoba wangu, na kama nafasi yake ingeonekana upesi. Ingeonekana. Nikakilaza vizuri kwa kiganja nikaomba maji ya kunywa.

Mwaka huu jicho la kulia la mama likaingia mtoto wa jicho. Angefanyiwa upasuaji asubuhi, alale karibu, kesho yake arudi daktari amfungue bendeji. Tulikutana nyumbani Matulo, sisi wasichana wawili, kupanga. Mdogo wangu alikuwa tayari ameuliza kliniki moja ya macho Bungoma, na chumba chake cha wageni kilikuwa kimeshatandikwa. Mimi nilikuwa nimetaja ile ya Kitale kwa sauti ya chini, ili isijulikane sana kama nimeitaja.

"Kwangu kuna kitanda, mama," akasema mdogo wangu. "Kuna maji ya moto. Kila kitu kiko."

"Na mkwe wangu yuko."

"Si tumeokoka? Haya mambo ya kukimbiana na wakwe si yaliisha?"

"Kuokoka nimeokoka. Aibu bado ninayo. Nitoke bafu na leso nikutane na yeye kwa mlango, nijifiche wapi? Ndani ya kabati yako ya glasi?"

"Basi nimwambie alale kwa rafiki yake."

"Nimfukuze mtu kwa nyumba yake? Hapana. Nitalala kwa huyu." Akanionyesha kwa kidevu.

"Huyu? Mama, huyu analala chini."

"Chini hakuna mtu ameanguka."

Ndipo nilipokumbuka kwamba tangu mdogo wangu aolewe, mama alikuwa amefika kwake mara moja tu, mchana, akakaa kwenye ukingo wa kile kiti cha kahawia na mkoba mapajani, akaondoka kabla chai haijapoa. Mdogo wangu mwenyewe ndiye aliyenisimulia hayo wakati ule, kama kichekesho. Sasa hakucheka, nami nikasikia furaha ikinipanda kama joto. Haikuwa furaha nzuri. Ilikuwa ya mtu aliyeona mwenzake akinyimwa.

Kurudi Kitale, furaha ikageuka hofu. Niliwaza kuazima kitanda cha jirani, kisha nikawaza mama atanisifia kitanda na jirani atakuja kukidai mbele yake. Nikanunua mto mmoja tu, nikaosha pazia.

Mama alifika kutoka kliniki jicho moja limefunikwa, akajaribu stuli.

"Hii ni ya kukamulia ng'ombe," akasema, akainuka.

Akavua viatu. Akafungua kitambaa cha kichwa, akakitundika kwenye msumari wangu wa funguo, akajilaza kwenye godoro upande wa ukutani na kunyoosha miguu yote miwili. Sikumbuki lini nilimwona mama akinyoosha miguu mchana. Kisha, kwa jicho moja, akaanza kunituma. Meko itoke dirishani, pazia likipeperushwa na upepo litashika moto. Meza iende kule. Sufuria zisikae chini kama za mtu anayehama. Nikawa nahamisha, yeye akisema "hapo, hapana, rudisha kidogo," na kila nilichohamisha kikakaa kama kilichokuwa na mwenyewe.

Mdogo wangu akapiga simu.

"Amekula?"

"Amekula."

"Nini?"

"Ugali, sukuma na mayai."

"Ati mayai? Mama si hapendi mayai."

"Amekula mawili."

"Amelalia upande gani?"

"Wa ukutani."

Alipiga tena baada ya chai, na tena kabla hatujalala. Nilimjibu kila kitu, polepole, nikimwonjesha. Najua mtu anavyouliza akiwa na njaa ya kitu cha mwenzake.

Asubuhi bendeji ikatolewa. Mama aliporudi kuchukua mkoba wake alisimama katikati ya chumba, akakitazama kwa macho yote mawili.

"Kumbe ni kadogo hivi," akasema. Kisha akaangalia godoro. "Nikirudi kwa daktari nitakuja na blanketi yangu. Niiache hapa. Hizi zako ni nyepesi."

Akaileta kweli, ile ya miraba tuliyojifunika sisi wawili tukiwa wadogo, akaiacha imekunjwa juu ya mto.

Wiki iliyopita mdogo wangu alikuja Kitale kwa mara ya kwanza. Sikuwa na wasiwasi juu ya stuli. Hakuziangalia hata, akashika blanketi.

"Hii si ya mama?"

"Ni ya mama."

"Inafanya nini hapa?"

"Inamngojea."

Akavua viatu, akalala upande wa ukutani, akajifunika mpaka kidevuni.

"Dada," akasema, "nikupe vile vitambaa vyote, unipe hii?"

Vitambaa ambavyo nimevitamani tangu vikiwa uzi. Nilifikiria, kama ninavyofikiria kila kitu, nikaviona juu ya mto, juu ya meza fupi, nikaziona zile kona zilizokunjamana. Nikainuka kuwasha meko, pale mama alipoihamishia.

"Vya kuweka wapi?" nikamwambia. "Niko na viti?"