Saa Iliyorudi Kutoka Ruponda

Hakuna kinachonikera kama saa niliyoitengeneza kurudi imesimama. Hii ililetwa kibandani kwangu Nachingwea na mama mmoja wa Ruponda. Ilikuwa ya mumewe, saa ya bei mbaya, ile aina isiyotumia betri: inajijaza yenyewe kila mkono wa mvaaji unaposogea. Mara ya kwanza niliifungua, nikaisafisha, nikaitia mafuta, nikaivaa mwenyewe shambani nikiokota korosho. Haikuchelewa hata kidogo. Sasa mama kairudisha, ananitazama kama tapeli.

Nikapanda bodaboda kwa hasira, nikamwone huyo mzee anaivaaje.

Nilimkuta kitandani. Kiharusi. Mkono wa kushoto, wa kuvalia saa, ulikuwa juu ya shuka, palepale mkewe alipouweka. Mama hakunitajia ugonjwa, kwa kuwa mimi nilimuuliza habari za saa tu.

“Shikamoo, mzee,” nikasema, hasira imeniishia mlangoni. “Saa yako ni nzima. Inasimama kwa sababu mkono hausogei.”

Aliutazama ule mkono kama wa mtu mwingine.

“Basi, fundi,” akasema, “ufungue na huu.”