Babu Alipoanza Kuingia Jikoni

Moshi wa kuni mbichi na utomvu wa ndizi: hiyo ndiyo harufu ya jiko la mama kule Kisondela, msimu wa mvua nilipokuwa na miaka tisa. Wenzangu walicheza nje. Mimi binti nilikuwa mtu wa ndani tangu hapo, mafiga yalinitosha. Kwetu Wanyakyusa, enzi hizo, mke hakutani na baba mkwe. Akimwona njiani, anajitosa migombani. Babu, mzazi wa baba, aliulinda mpaka huo kuliko yeyote, mpaka alipoanza kuusahau. Siku moja aliingia jikoni, akaketi. Mama akatoka kwa mlango wa nyuma, akasimama mvuani, maharage yakaungua. Kesho yake tena. Ikawa mama anapika huku anakimbia, baba yuko kwenye mashamba ya chai ya watu hadi jioni, na babu ni wangu kumwangalia.

Majirani walisema karogwa. Muuguzi wa zahanati yeye alifungua kopo la dawa la babu, akakuta vidonge vya presha vimejaa tele.

"Anameza kichwa kikiuma tu," nilieleza, najiona daktari.

"Ni vya kila siku, mwanangu. Presha huziba mishipa midogo ya ubongo, kidogo kidogo. Huenda ni hiyo, huenda ni ugonjwa mwingine wa ubongo. Kilichopotea hakirudi. Tulinde kilichobaki."

Siku niliyotumwa chumvi, safari yangu ndefu ya mwaka, nilirudi nikamkuta mama amemshika babu mkono, anamvuta kutoka motoni. Mkono wa koti ulikuwa unafuka moshi.

"Wewe mke wa nani?" babu aliuliza.

"Wa mwanao, baba."

"Sasa mbona hukimbii?"

"Nimechoka."

Babu akafikiri kidogo, akapokea uji, akasema "Ndaga", asante yetu, kama mgeni. Tangu hapo mama ndiye aliyemwogesha mpaka mwisho.

Leo nina presha yangu mwenyewe, naishi na mama hapa Ibighi, wilaya ileile. Sijafika mbali, kama mnavyoona. Nameza kidonge kila asubuhi wala sisikii chochote. Daktari anasema ndivyo kinavyolinda. Babu hakuwa na wa kumkumbusha. Mimi ninaye.

"Umemeza dawa?" mama huuliza.

"Nimemeza, mama."

Bado naosha kikombe, anauliza tena, kwa sauti ileile, kana kwamba hajauliza. Najibu.