Mtafsiri wa Mtu wa Chuma

Kijana aliyekuwa akiendesha Mtu wa Chuma katika katuni anakufa katikati ya hadithi. Si mwishoni, ambako mtu angekuwa amejiandaa, bali katikati kabisa, tena anazikwa. Nimelijua hilo juzi tu, nikiwa mtu mzima mwenye miwani ya kusomea na watoto wanaonizidi kimo, sebuleni kwa kaka yangu, huko Kirumba, Mwanza. Nilipokuwa msichana wa shule ya msingi niliitazama katuni hiyo mara nyingi kuliko nilivyofungua daftari la hesabu, na katika kutazama kwangu kote yule kijana hakufa. Kaka yangu ndiye aliyemzuia asife.

Wakati huo mtaani Mabatini kulikuwa na banda la video, la mbao na mabati, lenye mabenchi, televisheni moja juu ya meza ndefu, na deki iliyofunikwa kitambaa ili isiingie vumbi. Mikanda ilitoka Nairobi na Dar, imenakiliwa hadi picha inatetemeka. Mingi ilikuwa ya ngumi. Ila kulikuwa na katuni moja ya Kijapani iliyochorwa miaka ya themanini, mikanda mingi yenye kufuatana, kuhusu dunia iliyovamiwa kutoka angani na kijana anayeingia kifuani mwa mtu wa chuma mrefu kuliko jengo lolote la Mwanza. Hakuna aliyejua Kijapani, kwa hiyo kaka alikaa kando ya televisheni na kipaza sauti, akatafsiri.

Alikuwa anatafsiri nini, Mungu anajua. Kijapani chake kilikuwa sawa na changu, yaani hakuna. Alitazama nyuso, akasema lililomjia, na likawa ndilo. Jemadari wa wavamizi alimpa sauti ya mwenyekiti mmoja wa mtaa aliyekuwa hapendwi. Wavamizi wenyewe aliwapitisha njia tunazozijua: walishuka Shinyanga, wakakanyaga Misungwi, na kila meli zao nyeusi zilipojaa kwenye kioo alishusha sauti na kusema polepole, "Adui ameshapita Usagara." Kutoka Usagara hadi mjini hakuna mwendo, na mimi nilikuwa nikigeuka kutazama mlango.

Sheria ya banda ilikuwa moja tu, nayo haikuandikwa popote: steringi hafi. Steringi ndiye shujaa wa picha. Anaweza kupigwa, kuchomwa, kutupwa mtoni na mawe miguuni, lakini mwisho wake atanyanyuka. Banda moja la jirani liliwahi kuonyesha picha ambayo steringi alikufa kweli, na wavuvi waliokuwa ndani wakaondoka na mabati ya paa. Sheria hiyo tulitoka nayo bandani tukaenda nayo nyumbani, na kusema kweli wengine hatukuirudisha. Nimeona wanaume wazima wanakohoa damu na kusema steringi hafi, wakicheka, na watu waliowazunguka wakicheka nao.

Kaka yangu alikuwa mmoja wao. Sauti yake ilianza kukwaruza masika yaliyopita. Kwanza ilikuwa vumbi. Baadaye ikawa soda baridi, halafu moshi wa mkaa, halafu uzee, ingawa uzee huo haukumzuia kufukuzana na vijana wanaokojoa ukutani kwake. Alitafuna tangawizi, akanywa mizizi ambayo ilinuka hadi barabarani. Alipokwenda hospitali kubwa hatimaye, daktari alimwambia bila kuzunguka kwamba ni kansa, ipo kwenye kisanduku cha sauti, na kwamba kisanduku hicho kikiondolewa mapema ataishi. Atapumulia tundu la shingoni. Kaka akauliza, "Na kuongea?" Daktari akamweleza kwamba sauti yake hiyo haitakuwepo tena. Kaka akashukuru, akaaga vizuri, akapewa siku ya kulazwa, na siku hiyo ilipofika alikwenda kutazama mpira.

Wifi yangu, mkewe, anauza dagaa pale soko la Mwaloni. Si mwanamke wa kupiga simu ovyo. Alinipigia akasema, "Wifi, njoo uongee na kaka yako. Mimi nimeshamaliza maneno."

Nilikasirika njia nzima. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimezoea watu kunisikiliza hata wasiponipenda, na nilikuwa nimepanga hotuba. Lakini nilipopita Mabatini kununua chaji ya simu, nikamwona fundi anayewajazia watu picha kwenye flashi, na mdomo wangu ukamuuliza wenyewe kama anaweza kupata katuni za zamani za Kijapani. Nikamweleza Mtu wa Chuma. Akatafuta, akageuza kompyuta, na yule hapo, amesimama katikati ya mji unaowaka, macho yake mekundu yananiangalia mimi. Niliogopa pale pale dukani, mchana, mwanamke mzima na mkoba wangu.

Tukaanza kuitazama Jumapili baada ya kanisa, sisi watatu. Shabaha yangu ilikuwa kumlainisha kaka kwa mambo ya utoto kisha nimbane. Mwanzoni ilikuwa furaha tupu. Wimbo wa ufunguzi bado tuliuimba kwa maneno yale yale yasiyo na maana tuliyoyatunga zamani. Kaka alivuta kiti kando ya televisheni, mahali pake pa kazi, na akatafsiri kwa ile sauti iliyobaki, iliyokuwa kama msumeno kwenye ubao mbichi. Wifi alikuwa hajawahi kuiona. Alicheka hadi akafuta macho, na mimi nikafikiri mambo yatakwenda vizuri.

Hayakwenda hivyo. Nikitazama sasa, bila mtetemeko wa mikanda, niliona vitu ambavyo zamani vilinipita. Ile katuni ni ya huzuni tangu mwanzo wake. Bahari imekufa na samaki wamelala ufukweni. King'ora kinalia hata pale ambapo hakuna anayekimbia. Wachoraji waliacha picha isimame kimya, mtu amekaa tu mezani, mwanga unapungua usoni mwake, na hakuna linalosemwa. Kaka alipokuwa kijana alikuwa anakijaza kimya kile kwa utani. Sasa pumzi haikumtosha. Kimya kilikaa pale pale katikati yetu, na nje ya dirisha maji ya ziwa yaligonga ukuta wa uani. Ziwa limepanda miaka hii, limeshachukua choo chake cha nje na nusu ya bustani ya wifi, magugu maji yamejazana pale walipokuwa wakianika nguo. Juu ya ukuta walisimama korongo, wale wakubwa wenye vichwa vya upara wanaoshinda sokoni wakingoja matumbo ya samaki. Kwa nini walihama kutoka sokoni kuja kukaa pale, sijui. Sikuwapenda.

Jumapili moja ikafika sehemu ile. Mtu wa Chuma amepiga magoti, mvua inanyesha, mlango wa kifua chake unafunguka. Mkono wa kijana unatokea, halafu unaning'inia. Toleo hili lilikuwa na maandishi ya Kiingereza chini ya kioo, nami nikayasoma: anaomba mdogo wake aambiwe asiogope. Kisha hakuna maandishi tena.

"Amezimia," kaka akasema. "Wanamkimbiza hospitali."

Likapita jeneza. "Hilo ni sanduku la dawa," akasema. Nikakumbuka maneno hayo hayo, siku ya zamani, na watu wakipiga miguu chini kwa furaha. Akatokea kijana mwenye nywele fupi, akapanda kifuani mwa Mtu wa Chuma. "Na huyu hapa amerudi. Wamemnyoa tu."

"Kaka," nikasema, "amekufa. Imeandikwa. Huyo ni mdogo wake."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mtu anafukiwa udongo, we unadhani nahitaji Kijapani?" Akapumzika, akameza kwa shida. "Kulikuwa na banda zima la wavuvi pale, mdogo wangu. Na wewe ulikuwa umekaa karibu na waya wa kipaza sauti, umekumbatia magoti. Ulilala vibaya usiku ule?"

"Nililala vizuri."

"Basi."

Nilipandwa na hasira ambayo hadi leo siwezi kuieleza yote. Nusu nzima ya katuni ile nilikuwa nimemshangilia mtu kwa jina la maiti. Nikamwambia kwamba uongo wake ulikuwa mtamu bandani, lakini kansa haikulipa kiingilio na haitang'oa mabati. Nikasema mengine pia. Kaka alinitazama kwa upole ule ule anaowatazamia watoto, na nikajua hotuba yangu imeanguka kama nyingine zote.

Wifi alikuwa bado anatazama kioo. Picha ilikuwa imerudi kaburini kwa yule kijana, na hapo alisimama msichana aliyevaa nyeusi, ambaye kijana alikuwa ameahidi kumwoa. Mvua inamnyeshea na hajifuniki. Baada ya hapo kaburini, msichana huyo haonekani tena katika hadithi.

"Na huyu," wifi akauliza, "watu wa Mabatini uliwaambia yuko wapi?"

Kaka akafikiri. "Niliwaambia amekwenda sokoni."

Wifi akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayehakikisha hesabu. Yeye hutoka nyumbani gizani kila siku kuwahi dagaa, na hurudi mikono ikinuka ziwa. "Na mimi utanipeleka sokoni, baba watoto?" akasema. "Watu wakiniuliza hali yako, niseme umenyolewa?"

Hakupaza sauti. Kaka alifungua mdomo, ukatoka mkwaruzo, akaufunga. Nilimwona anatafuta neno, yeye ambaye tangu ujana hakukosa la kusema juu ya jambo lolote, hata asilolijua. Mwishowe akachukua rimoti akazima televisheni.

"Kesho twende," akasema.

Tulikwenda. Aliingizwa kwenye mashine, akatolewa damu, tukaambiwa turudi, tukarudi. Daktari wa safari hii alikuwa kijana mpole. Alituketisha wote watatu, akavuta kiti chake karibu, na akaongea Kiswahili kizuri hadi alipofika kwenye yale mazito. Hapo maneno yakamgeukia Kiingereza, nadhani bila yeye kutaka, na macho yake yakahamia kwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa naitikia kwa kichwa. Kisha akaitwa wodini, akaomba radhi, akasema atarudi baada ya muda mfupi ili tuulize tunachotaka.

Tukabaki kwenye benchi la korido. Kaka alikuwa amevaa shati lake la kanisani. Wifi alikuwa ameshika mfuko wenye shuka, sabuni na chupa ya chai, vitu vya mtu anayelazwa.

"Amesemaje?" kaka akauliza. "Tafsiri."

Niliona aibu kwamba nilikuwa na hasira Jumapili ile ya katuni. Lakini nilikuwa nimedai ukweli mbele ya wote wawili na sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia. Nikasema ugonjwa umetoka kwenye koo, umeteremka hadi kwenye mapafu, na kwamba upasuaji hautasaidia tena, kwa hiyo hawataufanya. Watampa dawa za maumivu. Sauti hawataigusa, ataondoka nayo. Sikuongeza neno na sikupunguza.

Kaka alisikiliza hadi mwisho. Akajifuta mdomo kwa leso. Kisha akamgeukia mke wake, akaegemeza mkono kwenye mgongo wa benchi nyuma yake kama alivyokuwa akiegemea meza ya banda.

"Huyu hajui kutafsiri," akamwambia. "Daktari anasema hivi. Kwanza turudi nyumbani, kitanda cha hapa kigumu. Anasema nipumzike, ninywe uji, nile samaki mbichi wa kuchemsha. Kikohozi kitakwisha kiangazi. Tena anasema maji ya ziwa yakishuka tutapanda upya ile bustani yako."

Pumzi ikamwishia hapo, akangoja irudi. Wifi alikuwa amesikia kila neno nililolisema. Aliweka mfuko chini, akasogea hadi mabega yao yakagusana, akamshika mkono.

"Halafu?" akamuuliza.