Mkalimani Niliyemfunza Mwenyewe

Mimi ni kiziwi, na kuhurumiwa kumenichosha. Miaka kumi na minne nimefundisha wakalimani wa lugha ya alama hapa Tainan, kila Jumamosi asubuhi, ghorofani juu ya duka la viatu. Wanakuja watu wanaosikia, wamejaa moyo wa kutusaidia. Siku ya kwanza tu nawaambia: "Huruma yako iache chini kwenye ngazi. Mkalimani hachagui. Neno likisemwa chumbani, liwe tusi, liwe upuuzi, lifike mikononi."

Pei-shan aliwashinda wote kwa bidii. Alikuwa akiuza uji wa samaki sokoni na mama yake, anakuja darasani mikono inanuka tangawizi. Mwanzoni vidole vilikuwa vizito, viziwi wenzangu wakamcheka: "Huyu anaongea au anafukuza nzi?" Hakununa. Mwaka wa nne alikuwa anatupigia hadithi mpaka tunashika mbavu. Chin-lien, mke wangu, kiziwi kama mimi, alimpenda kama mwanawe. Umbea wote wa mtaani alimmiminia yeye.

Kisha Chin-lien akaanza kukonda. Siku ya majibu hospitalini tulikwenda na Pei-shan, ambaye alikuwa amebakiza mtihani wa mwisho tu. Shemeji yangu Ming-hui, mdogo wake Chin-lien wa kiume, naye akaja. Yeye anasikia.

Mke wangu ana dada, Hsiu-chu, kiziwi pia, anakaa Pingtung. Walikuwa hawasemezani mwaka wa tisa, kisa neno moja la harusini. Tukiwa mlangoni kwa daktari Chin-lien akaniambia, "Kama nakufa, nitamwendea mwenyewe nikamwombe radhi. Kama sifi, aje yeye! Yeye ndiye aliyeanza."

Daktari akasoma karatasi, akamgeukia Ming-hui. Midomo ikaenda, ikaenda. Pei-shan kakunja mikono tumboni.

"Wanasemaje?" nikamuuliza.

"Mambo ya kitanda na bima tu, Mwalimu." Halafu akamgeukia mke wangu: "Mama, daktari anasema ni vidonda vya tumbo. Ule vizuri, upumzike."

Nikamwamini. Ningeachaje kumwamini, na mikono ile nimeifunza mimi?

Chin-lien akacheka. "Basi aje yeye!" Akakaa nyumbani akimngoja dada yake. Wiki ya saba akafa, bado anamngoja.

Siku hiyohiyo Ming-hui akaniandikia kwenye simu kwamba ilikuwa saratani, na ilishaenea. "Tulimficha asije akakata tamaa. Kila familia inafanya hivyo." Kila familia! Na mimi nilikuwa nani mle ndani, mpangaji?

Mazishini Pei-shan akaja amevaa nyeusi, akaniinamia. "Mwalimu, daktari na kaka Ming-hui waliniomba. Nilimwonea huruma." Nilitamani nimzabe kibao, na mpaka leo sijutii kutamani.

Hsiu-chu, niliyekuwa nimeshamwandikia habari yote, akaingia mbio kutoka Pingtung, akasimama mbele ya jeneza lililokuwa wazi. Kisha akamgeukia Ming-hui, akamwambia kwa mikono: "Ulijua! Ningekuja asubuhi ileile. Ningempigia magoti mimi. Wewe na masikio yako mawili umenifanya nimkute maiti!"

Pei-shan akasimama katikati yao bila kuitwa. Akaanza kutafsiri kwa sauti, midomo inaifuata mikono ya Hsiu-chu bila kuruka kitu, machozi yanamtiririka. Ming-hui akafoka, uso umemwiva. Pei-shan akatugeukia sisi, akainua mikono.

"Anasema wageni wanatazama, dada anamwaibisha. Anasema, 'Na wewe nyamaza, usimtafsirie tena huyu.'"

Hata hilo alilitafsiri. Ulikuwa ukalimani safi, sijaona mwanafunzi wangu mwingine akiufikia, na mke wangu alikuwa amelala pale mbele yetu, macho yamefungwa.