Kuli wa Angani

Kampuni mbili zilinikubali karibu kwa pamoja, na hiyo kwa rubani kijana ni bahati. Moja ilisafirisha abiria. Nyingine ilibeba mizigo: maua, mboga, samaki, vipuri vya mashine. Nilichagua ya mizigo. Nilijua nitalala mbali na nyumbani mara nyingi zaidi, lakini ndege zake zilikuwa kubwa kuliko zote nilizowahi kurusha, na safari zake ndefu. Isitoshe, nilikuwa nimechoka. Nilikuwa narusha ndege ndogo za kupeleka watalii mbugani, na haikupita wiki bila abiria kunikuta mlangoni, mwanamke niliyevaa sare ya rubani, akaniuliza rubani anafika saa ngapi.

Desemba nikapanda kwetu Mwika, kijijini mlimani, kama sote tunavyopanda. Kihamba chetu, yaani nyumba na migomba na kahawa iliyoizunguka, kilijaa magari yaliyotoka Dar. Siku moja baada ya Krismasi, mtori wa ndizi na nyama umeshapakuliwa, baba mkubwa akaniita mbele ya watu. Ni kaka yake baba, ofisa mstaafu, mzee wa kanisa. Yeye akianza kuongea, wengine hukata maneno yao katikati.

"Shikamoo, baba mkubwa."

"Marahaba. Nasikia umekataa abiria."

"Sijakataa abiria. Nimechagua mizigo."

"Mizigo!" Akawageukia wengine. "Mtoto kasoma mpaka ng'ambo, anarudi kuwa kuli wa angani!"

Wakacheka. Binamu zangu walicheka, na shangazi yangu aliyekuja na gunia la mchele akacheka pia. Baba mkubwa alipoona kicheko kimekolea, akamtazama baba yangu. "Au ndiyo damu yenyewe? Baba lori, binti lori."

Baba aliendesha lori mpaka macho yalipomkatalia. Alibeba mpunga wa Mabogini kule chini tambarare, kahawa ya huku juu, saruji, vitunguu, mabati ya hiyo hiyo nyumba tuliyokuwa tumekaa mbele yake. Sasa alikuwa ameinamisha kichwa, anakwangua bakuli ambalo halikuwa na kitu.

"Baba mkubwa," nikasema, "huo mchele unaosubiri kuula ulipandaje mlimani? Ulinunua tiketi ukakaa dirishani?"

Hakuna aliyecheka. Mama alinikanyaga mguu chini ya meza. Baba mkubwa akasema ndege zimenipandisha kichwa, na mazungumzo yakahamia kwenye bei ya kahawa.

Asubuhi yake baba aliniita bandani, nimsaidie kukatia ng'ombe majani. Nilidhani atanishukuru. Alifunga mzigo wa kwanza wa majani, kisha akasema, "Nenda kwenye abiria, mwanangu."

"Baba, hata wewe?"

"Ukiwa na abiria watu wanakusalimia. Mimi nimefika maghala mengi nikaambiwa nisubiri nje, hata kiti sikupewa. Nilivumilia. Wewe usichague kitu cha kuvumilia."

Niliendelea kukata. Nilikuwa na hasira kiasi kwamba majani yalinikata kidole nisijue. Watu walikula jasho lake, wakajengea, wakavaa, halafu wakamfundisha kulionea aibu. Na aliwaamini! Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko cha jana.

Jumapili, baada ya ibada, tulisimama nje ya kanisa kwa mnada wa sadaka za mazao. Mkungu wa ndizi ulipouzwa, baba mkubwa akaomba nafasi. Akatangaza kwamba ukoo wetu unamshukuru Mungu, binti yetu ameajiriwa kurusha ndege ya abiria. Watu wakapiga makofi. Alisema hivyo mbele ya kanisa, huku akijua si kweli.

"Ni ya mizigo," nikasema.

Makofi yakalegea. Nikarudia kwa sauti: "Ndege ya mizigo. Nimechagua mwenyewe."

Mwenye kuendesha mnada akakohoa, akanyanyua jogoo. Baba mkubwa aliondoka bila kuniaga, na mpaka leo ananisalimia kupitia kwa watu wengine. Mama alinilaumu kwa kumwaibisha mkubwa. Alikuwa sahihi kwamba nilimwaibisha. Mimi niliripoti kazini Januari, na kazi yenyewe sijaijutia, hata zile wiki ambazo mwili haujui kama ni usiku au mchana.

Mwaka jana tulitua KIA, uwanja wa ndege wa kwetu, kupakia mboga, na nikapewa mapumziko. Baba alinisubiri Bomang'ombe, mji wa karibu na uwanja, alikokuja kununua pumba za ng'ombe. Mzee mmoja anayefahamiana naye akanitazama sare, akauliza huyu binti ni nani.

"Ni wangu. Anarusha ndege," baba akasema, kifua mbele.

"Hongera sana! Kwa hiyo ndiye anayetuletea wazungu wa kupanda mlima?"

Nilifungua mdomo. Baba akanishika mkono, taratibu, kama mtu anayeomba. Nikafunga mdomo.

"Eeh," baba akamjibu yule mzee. "Ndiye."

Tulibeba pumba mpaka kwenye basi. Njia nzima mpaka Moshi aliniuliza habari za afya yangu, chakula, usingizi, nami nikamjibu moja moja, kwa adabu. Nilikuwa nimejaa hasira, na hakuna hata chembe ya hasira hiyo iliyomlenga yeye.