Kusahau Kuoa

Jumamosi alasiri, wafanyabiashara wa Butembo wanaovuka kwenda Uganda hujifunza Kiingereza katika darasa moja la parokia. Nami nimejiandikisha. Wiki iliyopita mwalimu wetu, mtu wa Kasai, alitueleza kwamba Waingereza wana kusahau kwa aina mbili.

"Mukiweka kale kaneno 'to', kenye tunasoma 'tu', mbele ya kitenzi, ni kusema hamukufanya ile kazi. Mukiweka 'ing' nyuma yake, muliifanya, mais hamukumbuke tena. Nani ananipa mufano?"

Muuza vitenge mmoja akasimama, akafunga vifungo vya koti. Mkewe alikuwa kando yake kwenye benchi. Akatoa sentensi ndefu, na kitenzi chake kikaishia na 'ing'.

Mwalimu akamtafsiria: "Donc, papa, ulioa bibi yako mu kanisa, lakini haukumbuke tena ile siku?"

Mama yule akainua kidole.

"Hapana, mwalimu. Umuwekee ile 'tu'. Tuko na batoto ine, miaka kumi na tano pamoja, na mu kanisa hajanioa bado."

Tulicheka mpaka chaki ikamponyoka mwalimu. Muuza vitenge akafuta jasho, akanong'ona: "Nilisahau tu, mama."

"Sasa umesema muzuri," mwalimu akamjibu.

Kiswahili chetu kina kusahau kumoja, na ndani yake mwanaume anaweza kujificha miaka kumi na tano. Wiki hii benchi lao lilikuwa tupu. Walikuwa chumba cha pili, kwa katekista, wakifundishwa ndoa. Kupitia ukutani tulimsikia mama akijibu maswali yote, yake na ya mume.